Pigo la Kwanza

Pamba ikishauzwa, watu wa Simiyu huanza kuulizana ngoma iko wapi. Ni kati ya Juni na Agosti, anga kavu, mtama na mahindi vimeshaingia ghalani, na fedha ya msimu bado iko mfukoni. Viwanja viwili hufyekwa jirani, kila kimoja na ngoma zake, manju wake na wachezaji wake, na vyote viwili huanza kupiga kwa wakati mmoja. Meza ya waamuzi haipo, wala karatasi za alama. Mtazamaji husimama anapopenda na kuhama anapopenda, na kundi linalobaki na umati mkubwa ndilo lililoshinda. Jioni hata mtoto anajua nani kashinda, maana anaona vumbi limesimama upande gani.

Ukikaa katikati ya viwanja hivyo unaweza kuuona wimbo ukifanya kazi. Wanaotangulia kuhama ni watoto, ambao hawana aibu ya kumkimbia mtu anayeimba. Vijana hufuata, wawili wawili, wakijifanya wanapita tu. Wanawake wenye watoto mgongoni huhama wakiwa tayari wanatikisa mabega. Wazee huwa wa mwisho, kwa sababu mzee akishaketi anaona kuhama ni kumvunjia heshima aliyemkaribisha. Namhala, yaani mzee kwa Kisukuma, akiinuka, akachukua kigoda chake na kuvuka, manju wa upande aliouacha hahitaji kuambiwa neno. Ameona.

Nimeusikiliza muziki wa aina nyingi uliopimwa kwa njia nyingi, kwa idadi ya santuri, kwa maombi ya wasikilizaji redioni, siku hizi kwa hesabu za simu. Sijui kipimo kikali kuliko hiki cha Wasukuma. Msikilizaji wa redio akichoka huzima peke yake chumbani na mwimbaji hajui. Hapa mwimbaji anaangalia watu wakimpa mgongo huku bado ana beti za kuimba, na mkono wa mpiga ngoma wake hauruhusiwi kutetereka.

Mkoa wa Simiyu wenyewe ni mchanga. Uliundwa 2012 kwa kuumega Mkoa wa Shinyanga na kuchukua kipande cha Mwanza, makao yake makuu yakiwekwa Bariadi, na ukapewa jina la mto unaomwaga maji katika Ziwa Victoria. Una wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na sensa ya 2022 ilihesabu humo zaidi ya watu milioni 2. Lakini kabla ya mipaka hiyo kulikuwa na Ntuzu, himaya ya watemi ambayo Bariadi imekaa ndani yake, na ngoma ninazozieleza ni za umri huo. Wachezaji wa Usukuma wote hugawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu. Masimulizi yanawataja waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, mahodari wa kucheza na wa dawa, ambao ushindani wao ulirithiwa na wafuasi wao hadi leo. Kikundi kinaweza kujiita jina lolote la kijiji au la kujisifu, lakini ukikiuliza asili yake kitakwambia ni cha Bagika au cha Bagalu. Mtu akishaingizwa kwa dawa ya upande mmoja, huo ndio upande wake.

Dawa ipo, na sitaki kuipita kana kwamba haipo. Kila kundi lina yake ya kuvuta watu na ya kujikinga. Yapo pia mambo ya kushangaza macho: bagoyangi wanaocheza na chatu shingoni, sanamu za mbao zinazofichwa hadi dakika ya mwisho na kuibuliwa ghafla, vichekesho, miruko. Vyote hivi huleta watu. Watu wa mbali wakisikia jina la Bariadi huuliza kwanza habari za kijiji cha Gamboshi na uchawi wake, na wakiona umati umehama uwanja hudhani wamepata jibu. Mimi naamini sifa hiyo imewanyima mafundi wa Ntuzu haki yao. Chatu anaweza kumleta mtu akamtazama kwa dakika kumi. Kinachomfanya abaki saa tatu juani, bila kukumbuka kwamba hajala, ni kazi ya mikono na masikio ya watu ambao wamejifunza kwa miaka mingi, na kazi hiyo inaweza kuelezwa.

Tuanzie shambani, kwa kuwa mdundo unaojulikana kuliko yote Usukumani ulitoka huko. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Ardhi kubwa ya Simiyu ni ya udongo mzito, ule mweusi wa mbugani unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata miguuni ukilowa. Mvua huanza Novemba, na mbegu ya pamba lazima iwe ardhini mapema ili mmea ukomae kabla maji hayajakatika. Nafasi ni ya wiki chache, na kaya moja haiwezi kutifua ekari zake zote kwa wakati. Kwa hiyo vijana walijiunga katika vikundi vya kulima kwa zamu au kwa malipo ya chakula, ng'ombe au fedha, na kikundi kilikwenda shambani na ngoma. Walimaji walijipanga mstari, wapiga ngoma wakawa mbele yao, na manju akaimba huku mstari ukimsogelea.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia pamba ilitanuka Usukumani kwa kasi, na jembe la mkono ndilo lililobeba sehemu kubwa ya kazi ile. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa Kanda ya Ziwa viliungana na kuunda shirikisho la Victoria Federation of Cooperative Unions, Paul Bomani akiwa kinara wake, likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Vitabu vya historia huandika marobota, bei na mikutano. Ni sawa. Lakini nyuma ya kila robota kulikuwa na mtu aliyepiga ngoma kwenye tope, na ningependa siku moja mchumi aandike sura kuhusu huyo.

Sasa msikilize anavyopiga.

Jembe lina mwendo wa sehemu tatu. Linashuka na kuuma ardhi, linavuta udongo, linainuka. Kushuka ni kwepesi kwa kuwa uzito wa chuma unasaidia. Kuinua ndiko kunakochosha, na kunachukua muda ambao hauwezi kufupishwa sana, kwa sababu mkono wa binadamu una kiasi chake. Ngoma kubwa hupigwa pale jembe linapouma. Pigo moja, zito, la mikwiro miwili au mmoja uliotupwa kwa bega zima, na mstari mzima wa majembe unaingia ardhini ndani yake. Kisha ngoma kubwa inanyamaza, au inaguswa kidogo tu pembeni. Katika kimya hicho ngoma ndogo zinaanza maneno yao, njuga zinatikisika miguuni, filimbi inakata, na manju anatupa mstari wake. Majembe yako juu. Yanashuka tena, pigo, na waitikiaji wote wanajibu.

Wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja, mchi wa mmoja unapoinuka wa mwingine unashuka, na hakuna anayehesabu kwa sauti; ndivyo ngoma kubwa na ngoma ndogo zinavyoachiana nafasi hapa. Uzuri wote uko katika kuachiana. Mpiga ngoma mchanga hutambulika upesi kwa sababu anaogopa ule ukimya. Anaona nafasi tupu anaijaza, anapiga mapigo mawili pale palipohitaji moja, anaonyesha mikono yake ilivyo myepesi. Walimaji wanachoka mapema na hawajui kwa nini. Fundi huiacha nafasi iwe wazi kwa urefu wake kamili, hata ukahisi pigo limechelewa, na mwili wako unaliinamia kabla halijafika. Halichelewi. Linafika pale pale lilipofika mara mia zilizopita, na kila mara linafariji upya.

Nimewatazama wapiga ngoma wa namna hii kwa makini ya kukera, nikijaribu kuona ni nini hasa wanachofanya. Jambo moja nililoliona ni kwamba hawatazami ngoma. Macho yako kwenye mabega ya wachezaji. Bega la mchezaji likianza kuchelewa, ngoma haimkimbizi. Inalizidishia uzito lile pigo la kwanza, kidogo tu, mpaka mabega yanarudi mstarini yenyewe. Mtu ambaye hajui atasema ngoma haijabadilika tangu asubuhi. Imebadilika mara nyingi, ila kila badiliko limefanywa kwa ajili ya kuufanya mwendo ubaki ule ule.

Leo sehemu kubwa ya mashamba ya Simiyu hulimwa kwa plau la ng'ombe au trekta, na jembe limebaki zaidi kwenye palizi. Bugobogobo ilihamia uwanjani na jembe lake. Wachezaji hulizungusha, hulirusha hewani na kulidaka mpini, huinama na kutifua hewa kwa pamoja. Mwendo umeongezeka kasi, kwa kuwa hakuna udongo wa kunata. Wanafunzi wa sanaa huko Bagamoyo huifundishwa, na vikundi vya maonyesho vimeipeleka mbali na mbuga za pamba. Lakini hata katika kasi hiyo, kundi zuri huiacha ile nafasi ya kuinua. Kundi baya huiziba kwa makelele, na hapo unabaki na watu wanaorusha majembe.

Sauti ya kazi kugeuka kuwa mdundo si jambo la Usukuma peke yake, na mfano ninaoupenda kuliko yote uko mbali kabisa na Bariadi. Clyde Stubblefield alizaliwa 1943 katika mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, Marekani. Hakusomea muziki. Alieleza mara nyingi kwamba mapigo yake aliyapata kwa kusikiliza mashine za viwanda vya mji wao na treni zilizopita, akizigonga kwa vidole mpaka zikawa zake. Mwaka 1965 alijiunga na bendi ya James Brown, ambaye utotoni huko Georgia alichuma pamba na kung'arisha viatu vya watu. Mchuma pamba na msikilizaji wa mashine walikutana, na katika miaka michache wakaubadilisha muziki wa dunia.

Wimbo wao wa 1967, “Cold Sweat”, uliorekodiwa Cincinnati, ndio wanaoutaja wengi wanapotafuta mahali muziki wa fanki ulipoanzia. Ukiusikiliza baada ya kutoka uwanjani Bariadi utatambua watu wa kazi moja. Karibu sehemu yote ya wimbo imekaa mahali pamoja, haiendi kokote kutafuta utamu mwingine. Gitaa linakwaruza mapigo machache na kunyamaza. Tarumbeta na saksafoni zinafanya kazi ya ngoma, zinagonga na kuondoka. Besi inaacha matundu. Na kila kitu kinarudi kwenye pigo la kwanza la hesabu, ambalo Brown aliwadai wanamuziki wake walipige kwa nguvu kuliko mengine yote, na mwanamuziki aliyelikosa alikatwa fedha. Watu walioingia kwake wakiwa wapiga vyombo hodari, kama kijana Bootsy Collins aliyefika 1970 na gitaa lake la besi, walilazimika kujifunza upya kwamba ufundi ni kulitunza pigo hilo kwanza, na mengine yote yapate nafasi baadaye.

Sidai kwamba fanki ilitoka Usukuma. Ninachosema ni kwamba mtu anayetaka kumfanya mwenzake asahau uchovu, awe mlimaji kwenye mbuga au mfanyakazi aliyetoka zamu ya kiwanda na kuingia dansini Jumamosi, hufikia ugunduzi ule ule: mpe pigo moja analoweza kulitegemea, kisha mwachie nafasi ya kuinua.

Tarehe 20 Novemba 1969, pia Cincinnati, bendi ile ilirekodi “Funky Drummer”. Katikati ya wimbo Brown anawataka wengine wamwachie mpiga dramu, na Stubblefield anabaki peke yake kwa sekunde chache. Hapigi mapigo ya kujionyesha. Anaendelea na kile kile alichokuwa akipiga, kwa utulivu, na vinoti vidogo vinavyonong'ona kati ya mapigo makubwa. Sekunde hizo zilikuja kunakiliwa na watayarishaji wa hip hop katika nyimbo nyingi mno, na kwa miaka mingi Stubblefield hakulipwa kwa ajili yake, kwa kuwa sheria humtambua mtunzi wa maneno na sauti, siyo mtu aliyebuni mdundo. Alifariki 2017. Ninamkumbuka kila ninapouliza uwanjani jina la wimbo na jina la manju, nikajibiwa mara moja na watu kumi, kisha nikauliza nani kapiga ngoma kubwa na watu wakaanza kutazamana.

Mwezi ule ule wa Novemba 1969, mamlaka Dar es Salaam zilipiga marufuku muziki wa soul, ule wa akina James Brown, katika kumbi za dansi. Hoja ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa na maadili ya vijana dhidi ya mambo ya kigeni. Ninaielewa hofu ya nchi changa, na nia ya kuziinua ngoma za kwetu ilikuwa njema. Lakini nadhani walioamua waliziangalia nywele na suruali, hawakuisikiliza ngoma. Wangeisikiliza wangemtambua ndugu wa mbali. Wanamuziki walimtambua. Katika miaka ya 1970 bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilichanganya soul, roki na midundo ya Kiafrika bila kuomba radhi, na albamu yao “Ave Africa”, iliyorekodiwa Zambia 1976, bado inasikika ikiwa hai. Na Septemba 1974 James Brown mwenyewe alipanda jukwaani Kinshasa, katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, mbele ya uwanja uliojaa watu ambao hawakuhitaji kufundishwa pa kuweka mguu.

Nimemsifu mpiga ngoma kwa urefu kwa sababu hasifiwi. Manju ana sifa zake tayari, lakini ufundi wake nao unastahili kutazamwa kwa karibu. Wasukuma humwita ningi. Ndiye mtunzi, mwimbaji kiongozi, na mara nyingi mkuu wa kundi. Hutunga katika miezi ya mvua, akilima au akichunga, na tungo za mashindano hufichwa. Mazoezi hufanywa mahali ambapo wapinzani hawatasikia, kwa kuwa wimbo uliosikika kabla ya siku yake unaweza kujibiwa. Maneno ni ya njaa, bei ya pamba, ndoa, mifugo, viongozi, ugonjwa, sifa za manju mwenyewe na dhihaka kwa kundi la pili, na mara nyingi yote haya yamo ndani ya wimbo mmoja, yakipitana.

Mgeni asiyejua lugha hawezi kuuona ugumu mmoja. Kisukuma ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti katika neno kunabeba maana. Manju hawezi kuchukua sauti yoyote tamu na kulibandika neno juu yake, kwa sababu sauti ikipanda pale neno linaposhuka, wazee wa mbele watasikia kitu kingine au hawatasikia kitu. Kwa hiyo sauti ya wimbo lazima itoke ndani ya usemi wenyewe, ikunjwe kidogo tu. Hapo hapo mstari uwe mfupi kiasi cha kuingia katika ile nafasi kati ya pigo na pigo. Na kiitikio kiwe na maneno ambayo watu wengi wasioyafahamu wanaweza kuyadaka baada ya kuyasikia mara mbili, maana umati ukianza kuitikia, umekwisha kuwa wa kundi lile. Masharti matatu, na yote hutimizwa bila kalamu. Mstari unaoshinda pumzi za waitikiaji hukatwa pale pale mazoezini. Nimewahi kumsikiliza manju akiurudia mstari mmoja asubuhi nzima, akilihamisha neno moja mbele na nyuma ya pigo, mpaka waitikiaji wakacheka kwa furaha kwa kuwa limekaa.

Kuna upande mpole wa kazi hii katika wigashe, ambapo waimbaji huimba wakiwa wameketi, mwili wa juu ndio unaocheza, mabega na mikono ikienda pamoja. Hapo hakuna vumbi la kuficha kosa. Naipenda sana, na yeyote anayedhani ngoma ya Kisukuma ni miruko na nyoka angeanzia hapo.

Wapo waliohangaika kuihifadhi kazi hii. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mtambo wake wa kurekodi. Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, alianzisha kituo cha Bujora karibu na Mwanza katika miaka ya 1950, ambako makumbusho ya Wasukuma yana banda zima la vyama vya ngoma, na ambako kila Juni sikukuu ya Bulabo huwaleta Bagika na Bagalu kushindana. Mwaka 2010 Frank Gunderson, mtafiti wa Kimarekani, alichapisha kitabu kikubwa chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300, maneno na maelezo. Ni kazi ya heshima. Hata hivyo karatasi haibebi ile nafasi kati ya pigo na pigo, na mtafiti mwema ndiye wa kwanza kulijua hilo.

Nyimbo zenyewe hazikungoja makumbusho. Zilipita kwenye kanda za kaseti zilizouzwa minadani, zikahamia kwenye kadi za simu, na sasa ziko kwenye video. Waimbaji kama Nelemi Mbasando na Budagala wamekusanya wasikilizaji wengi nje ya Usukuma, wakiimba Kisukuma juu ya vinanda na ngoma za kompyuta. Wapo wazee wanaosema hilo si ngoma tena. Mimi nasikiliza jambo moja tu: je, mtayarishaji ameiacha ile nafasi? Wengine wameiacha, na ukisikia wimbo wao kwenye kibanda cha chips stendi ya Bariadi unawaona watu waliosubiri basi wakiinamisha bega kwa pamoja. Wengine wameijaza kila kona, kwa kuwa kompyuta haichoki kuinua jembe, na wimbo unapita masikioni bila kugusa mwili.

Ufundi ninaoustahi kuliko wote nauacha mwisho, nao watazamaji wengi hawauoni kabisa. Mpiga ngoma kubwa hawezi kupiga siku nzima. Akichoka, mwenzake huja nyuma yake na mikwiro yake mwenyewe. Hamgusi. Anasimama pale kwa muda, kichwa kikienda na mdundo, mpaka miili yao iwe inapumua pamoja. Kisha anaanza kupiga ukingoni, kwa sauti ndogo, chini ya mapigo ya mwenye zamu. Kwa mizunguko kadhaa wanapiga wote wawili, na huwezi kutofautisha. Halafu yule wa kwanza anaondoa mkono mmoja, anaondoa wa pili, anajitoa pembeni jasho likimtiririka, na pigo zito linalofuata linatoka kwa mtu mwingine. Wachezaji hawajageuka. Manju hajakata neno. Umati haujajua. Nimeliona kundi lililokuwa likishinda likipoteza watu wake katika dakika moja kwa sababu mabadilishano haya yalikwenda vibaya: pigo moja liliruka, mabega yakashtuka, kila mtu akakumbuka ghafla kwamba jua ni kali na upande wa pili nako kunapigwa.

Usiku wa siku kama hiyo walioshindwa hawalali mapema. Manju hukaa na waitikiaji wake, wanaufungua wimbo sehemu kwa sehemu, wanabadilisha kiitikio, wanamhamisha mpiga ngoma ndogo, wanampa mzee mikwiro ya asubuhi badala ya kijana. Mashindano makubwa huchukua zaidi ya siku moja, na watu waliohama jana wako huru kurudi kesho.